Meza ya Muthaiti

Benchi la kwanza lilichechemea mbele ya watu, na aliyekuwa amelikalia ni mwenyekiti wa kamati mwenyewe.

Mzee Wamae alikuwa ametoka Naro Moru, ambako walikuwa wanamalizia kujenga kanisa jipya, akaja Kiganjo kuona kazi ya fundi wao. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti la suti juu ya sweta, na alijitupa kwenye benchi kwa uzito wake wote. Mguu mmoja wa benchi haukugusa chini. Benchi likainama, Wamae akainama nalo, na kofia yake ikaangukia maranda ya mbao. Watu waliokuwa wakinywa chai mlango wa pili, kwa Monicah muuza chai, walicheka bila kujificha. Theuri, fundi mwenyewe, aliiokota ile kofia, akaipangusa kwa mkono wa shati, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Fundi," Wamae alisema, "hii benchi iko na miguu ngapi?"

"Nne, mzee."

"Mimi nimesikia tatu."

Wale wa chai walicheka tena. Theuri alipiga magoti akautazama mguu mfupi, ingawa kasoro aliijua tangu asubuhi. Miguu yote ilikuwa sawa. Matundu ndiyo yaliyotoboka mshazari, kwa hiyo mguu mmoja ulielekea nje na mwingine ukaelekea ndani.

"Ni shimo, mzee. Imetoka upande. Nitatengeneza."

"Utatengeneza hii. Na hizo zingine zote?" Wamae alielekeza fimbo kwenye mbao zilizopangwa ukutani, zimekwisha kurandwa, zinangoja kutobolewa. "Fundi Gatimu wa Karatina alituambia ati mashine yako ni ya kutoboa chuma, si ya mbao. Sisi tukasema hapana, Theuri ni mtu wa kanisa, tumpe yeye. Sasa askofu anakuja kufungua. Nimwambie asikae?"

"Hapana, mzee."

"Ijumaa jioni nitapita hapa tena. Nikipata benchi moja, moja tu, imesimama kama watu, kazi ni yako mpaka mwisho. Nikikosa, lori itabeba hizi mbao zote iende kwa Gatimu. Na usiniambie habari ya mvua."

Akaondoka. Theuri aliliinua benchi akalirudisha ndani, bila kuthubutu kutazama upande wa kwa Monicah.

*

Tumtendee haki Gatimu: hakuwa amesema uongo mtupu. Mashine ile ilitoka kwenye karakana ya mzungu mmoja aliyeuza shamba lake akarudi kwao baada ya Uhuru, na mzungu huyo aliitumia kutoboa vyuma vya matrekta. Ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Ilikuwa na gurudumu kubwa ubavuni, lenye mpini, nalo likizunguka meno ya chuma yalikwaruzana kwa kelele iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara, kisha keekee, chuma chenyewe cha kutobolea, ikashuka polepole yenyewe. Mtu mmoja huzungusha, mwingine hushika kazi. Tangu mashine ifike Kiganjo, mzungushaji alikuwa Kabura, mke wa Theuri. Alikuwa na mkono wa kuzungusha bila kuchoka, na aliweza kujua kwa sauti tu kwamba keekee inakaribia kutokea upande wa pili.

Taabu ilikuwa chini ya keekee. Pale palikuwa na kibao cha chuma kisichozidi sahani ya chai. Kipande cha chuma kingekaa hapo vizuri, lakini si ubao wa benchi wenye urefu wa mtu na nusu. Ncha zake zilining'inia huku na huku, na Theuri alilazimika kuukumbatia kama mtu anayemzuia ndama. Akipumua, ubao ulipumua naye. Kilichotakiwa ni meza, meza ya mbao pana na nzito ya kufungwa juu ya kile kibao cha chuma, ili ubao ulale juu yake utulie.

Meza alikuwa ameshaitengeneza moja, kwa saiprasi mbichi ya kutoka kwa wapasua mbao. Ilikaa siku chache ikaanza kujikunja pembe, na meza iliyojikunja ni hatari kuliko kukosa meza, maana fundi huiamini. Ndiyo iliyomwangusha Mzee Wamae.

Kwa hiyo Theuri alitafuta mbao kavu. Alipanda baiskeli hadi Nyeri mjini, akazunguka kwa wauza mbao wote anaowajua na wengine asiowajua. Mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima na kila ubao aliougusa ulikuwa na jasho. Muuzaji wa mwisho alimcheka kidogo.

"Kavu? Hiyo kavu unataka, ungekuja Januari. Shule zote za harambee zimebeba. Sasa iko hii ya kukamua maji tu."

Alirudi nyumbani Jumatano mchana, mtupu, matope hadi magotini. Kabura alikuwa Kianyaga kwa mama yake, ameenda kumsaidia kuchuma kahawa, na alitarajiwa Ijumaa. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana. Theuri aliketi kitandani avue viatu. Mkono wake ukagusa ubao wa ubavuni, ukabaki hapo.

Muthaiti ni mti wa msituni, wenye harufu kali inayofukuza wadudu, na mbao zake zikikauka hazipindi tena. Theuri alikuwa amekitengeneza kitanda kile mwenyewe walipotoka katika vijiji vya hali ya hatari, walikofungiwa na wakoloni, walikolala chini kwenye majani yeye na mkewe na uchovu wao. Mbao za ubavuni alizifanya pana mno, kwa kiburi cha kijana anayetengeneza kitu chake cha kwanza kisicho cha mzungu. Sasa zilikuwa zimekaa ndani, kwenye joto na moshi, kwa miaka kumi. Alipiga moja kwa kifundo cha kidole. Ililia kavu.

Alisita, tusimsingizie. Lakini alijiambia kwamba kitanda ni chake, kwamba mikono iliyokiunda ndiyo itakayounda kingine kizuri zaidi lori likishaondoka, na kwamba kulala sakafuni siku chache hakujaua mtu. Kabura ataelewa, akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Mwanamume akifika mahali pa kujiambia kwamba mkewe ataelewa, huwa tayari ana nyundo mkononi.

*

Asubuhi ya Alhamisi Monicah alitoka kumwaga maji ya vyombo akakuta kichwa cha kitanda kimeegemezwa ukutani, nje, kando ya barabara. Upande wa miguuni ulikuwa pembeni yake. Kamba za kitanda zilikuwa zimetundikwa msumarini.

Monicah alikuwa mjane mwenye mdomo, lakini safari hii alianza kwa upole. "Fundi, unahama?"

"Nahama niende wapi? Nataka mbao ya meza." Theuri alikuwa ameinama anaranda, na harufu ya muthaiti ilijaa hadi kwenye chai za watu.

"Hiyo ni kitanda ya Kabura."

"Ni mbao, Monicah. Mbao ni mbao."

"Basi ingiza hizo zingine ndani. Watu wanapita."

"Ndani hakuna nafasi. Wacha zipate jua."

Monicah akaenda kwake, akarudi na gunia, akakifunika kichwa cha kitanda kama mtu anavyomfunika mlevi aliyelala barabarani. Upepo wa mlima ulipoanza alasiri ulilivua gunia ukalitupa mtaroni, na Monicah alikuwa na wateja.

Alipaswa kumwambia wazi, na baadaye alijilaumu sana. Alidhani Theuri anajua. Kila mtu alijua. Huku kwetu mume akitoa kitanda cha mkewe nje ya nyumba hana haja ya kuongeza neno: amemwambia mke arudi kwao. Theuri mwenyewe alilijua jambo hilo tangu utotoni, kama anavyojua jina la mama yake. Lakini alikuwa amejaa meza kichwani, na mtu aliyejaa kitu kimoja hapungukiwi na upumbavu mwingine.

Tena kwa Theuri na Kabura jambo lilikuwa na uchungu wake. Hawakuwa na mtoto. Hapakuwa na wa kumwita mmoja wao Baba Fulani au Mama Fulani, kwa hiyo waliitana kwa majina yao, watu wazima wale, na wengine wakaona ajabu. Kila Krismasi kaka yake Theuri alikuja kula, na akishiba alikuwa na wimbo mmoja: oa mwingine, huyu mrudishe kwao. Theuri alijibu kila mwaka, "Niko na mke," akamwongezea chai. Kabura alikuwa akiyasikia maneno hayo akiwa jikoni, naye aliyaishi mwaka mzima mpaka Krismasi nyingine.

*

Meza ilipendeza. Hata sasa, baada ya yote yaliyotokea, haifai kusema vinginevyo. Theuri alizikata zile mbao mbili ndefu vipande vinne, akaziunga ubavu kwa ubavu kwa gundi, akapigilia mataruma mawili, mbao za kukingama, chini yake ili zisiachane. Alitoboa nafasi za bolti nne, akaifunga juu ya kibao cha chuma, akaiweka miguu miwili ya kuishikilia upande wa nje. Nyuma alifunga ubao mwembamba, ulionyooka kabisa, wa kuegemezea kazi, ili kila tundu liwe umbali uleule kutoka ukingoni. Akaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kati ya meza na keekee. Hata mwanga haukupita katikati: keekee ilisimama wima kabisa.

Ijumaa saa tisa alasiri alikuwa amelala chali chini ya meza anakaza nati ya mwisho, akasikia hatua anazozijua.

"Umekuja wakati mzuri," alisema akiwa huko chini. "Weka mzigo, uje unizungushie."

Theuri aliona miguu ya Kabura mlangoni, viatu vya kanisa vimejaa matope, na kiondo kikishushwa polepole.

"Theuri. Kitanda yangu iko wapi?"

Alitoka chini ya meza akijipangusa, anatabasamu. Aliipiga meza kiganja mara mbili. "Hii hapa. Hebu gusa. Haitikisiki."

Kabura aliitazama meza. Alikitambua kifundo cheusi kwenye ubao, karibu na pale penye tundu la kupitisha keekee, kwa sababu kwa miaka yote hiyo kilikuwa upande wa ukutani, mahali mkono wake unapoangukia akilala. Hakukigusa.

"Niko na mgeni," alisema.

Hapo ndipo Theuri alipotazama nje. Ng'ambo ya barabara, chini ya mkaratusi, alisimama mwanamke mzee aliyegeuza mgongo na kujitanda leso hadi usoni. Miguuni pake palikuwa na kuku aliyefungwa na mfuko wa mchele. Alikuwa Wakonyo, mama yake Kabura, ambaye tangu arusi hakuwa amefika kwa mkwewe. Habari za mabenchi ya kanisa zilikuwa zimefika Kianyaga, na alikuwa amesema safari hii atamsindikiza binti yake, aje aone kazi ya mkwe anayesifiwa.

Mkwe na mama mkwe wa kwetu hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawaketi karibu, na kitanda anacholalia binti, mama yake hakioni hata kwa bahati mbaya, maana ni kama kuwavua nguo wote watatu. Wakonyo alikuwa ameshuka basi akakikuta kimeegemezwa ukutani hadharani, watu wanakunywa chai wanakitazama.

*

Wakonyo hakuvuka barabara. Alimwita Monicah, akazungumza naye kwa sauti ya kutosha, na Theuri alisimama mlangoni amegeuka nusu, macho kwenye mwimo. Hata kwa hasira yake mama yule hakumsemesha mkwewe moja kwa moja.

"Mama, muulize huyo mtu," Wakonyo alimwambia Monicah, "msichana wetu amefanya nini."

Monicah alimgeukia Theuri. "Unaulizwa Kabura amefanya nini."

"Hajafanya kitu. Mwambie hajafanya kitu. Nilitaka mbao kavu, basi. Ni ya mashine."

"Anasema ni ya mashine."

"Nimesikia. Muulize, kama hamtaki mtoto wetu kwa sababu hazai, si angeita wazee, watu waongee kama watu? Ni lazima aandike kwa barabara?"

Wale wa chai waliacha kunywa. Monicah hakuweza kuyarudia maneno hayo. Aliangalia chini, na Theuri akayajibu bila kupelekewa.

"Hapana. Mwambie hapana. Sijawahi kusema hivyo. Kabura, si unajua?"

Kabura alikuwa amekaa juu ya kiondo chake, kati ya mama yake na mume wake. "Nilikuwa najua," alisema. "Nimeshuka basi, konda ananiambia pole. Konda, Theuri. Ati pole mama, ukifika kwenu utapumzika. Kaka yako ameshinda?"

"Hii si mambo ya kaka yangu."

"Watu watajua aje?"

Moyo wa Theuri ulimuuma kweli. Alimpenda mke wake. Angeulizwa siku hiyo achague kati ya Kabura na mashine angecheka kwa upuuzi wa swali. Tatizo ni kwamba maswali ya namna hiyo hayaji yamevaa nguo zao.

Wakonyo alizungumza tena, pole kidogo. "Monicah, mwambie sisi si watu wa vita. Na sisi ni wa kanisa, hatutaki mbuzi ya kutakasa, hatutaki wazee. Aweke kitanda kabla jua haijaingia. Hata ya miti. Watu wamemwona akitoa, wamwone akirudisha. Mimi nitaangalia upande ingine, nitapanda basi niende zangu, na hii maneno haitatajwa kwetu tena. Lakini msichana hawezi kuingia kulala kwa nyumba haina kitanda yake. Jua ikiingia akiwa nje, amerudishwa. Si mimi nimeweka hiyo sheria."

"Umesikia," Monicah alisema.

Theuri alitazama jua. Lilikuwa limeanza kushuka upande wa milima ya Nyandarua. Akatazama mbao ukutani. Kitanda, hata cha miti, kingemla mchana wote uliobaki: kutafuta miti, kuchonga, kufunga kamba. Na jioni Wamae angekuja akute kitanda na asikute benchi.

Alimsogelea Kabura, akainama, akasema kwa sauti ya chini. "Sikiza. Benchi moja tu. Wewe ukizungusha, tunamaliza haraka. Wamae akipita, akiona, akienda, naanza kitanda hapo hapo. Nitafanya na taa. Kesho asubuhi iko."

"Kesho si leo."

"Kabura, nikikosa hii kazi nitaitwa fundi wa miguu mitatu mpaka nife. Umeona vile walinicheka?"

"Nimeona vile wananicheka mimi."

"Saa chache tu zinakushinda?"

"Vijiti nne," Kabura alisema. "Vijiti nne na gunia juu. Sitaki muthaiti. Nitalala hapo mpaka nizeeke na sitakukumbusha. Nataka tu uache hiyo kitu sasa, uende ukate vijiti, watu wakuone." Alimwinulia uso. "Nini itatangulia, Theuri?"

Alikuwa akiomba kitu kidogo, na kila aliyekuwa pale alijua ni kidogo. Hata Theuri alijua. Lakini kwa sababu kilikuwa kidogo alidhani kinaweza kungoja, na benchi lilikuwa kubwa, na Wamae yuko njiani.

"Benchi," alisema. "Halafu kitanda."

Kabura aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Aliinuka, akachukua kiondo chake. Hakuingia ndani kuchukua kitu chochote.

*

Theuri alirudi kwenye mashine akiwa na hasira. Alimkasirikia Wakonyo, akamkasirikia konda, akawakasirikia wote wanaodhani kanisa hujengwa kwa mila. Kisha hasira ikamwisha akabaki na hesabu: hapakuwa na wa kuzungusha. Monicah aliombwa akakataa kwa mdomo wake wote. Mmoja wa wale wa chai aliitwa akajifanya hakusikia.

Aliulaza ubao wa benchi juu ya meza mpya. Ulilala. Aliusukuma hadi ukakutana na ubao wa kuegemezea, na hapo ukatulia wenyewe, ncha zote mbili zimeshikiliwa, hakuna kinachoning'inia. Alichukua vibano viwili, akaubana. Akaachia mikono yote miwili.

Ubao haukusogea.

Alisimama akiutazama. Mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na kazi ya kukumbatia ubao, ilikuwa mitupu. Alinyoosha mmoja akashika mpini wa gurudumu, akazungusha. Kulikuwa na uzito, lakini lilizunguka. Keekee ikashuka, ikauma, na maranda mekundu yakaanza kupanda yakijisokota. Tundu la kwanza lilipotokea upande wa pili aliweka skwea ndani yake na halikuwa na kasoro hata ya unywele.

Alifurahi. Tuliseme jambo hili wazi, maana yeye mwenyewe hakuja kulikana: mkewe akiwa kituoni na kiondo chake, Theuri alifurahi mpaka akacheka peke yake. Papo hapo alitaka kumwonyesha. Aliwaza kukimbia hadi kituoni amwambie njoo uone, ile meza haihitaji hata mtu wa pili. Aliwaza pia vile vijiti vinne, na jua. Lakini yalikuwa yamebaki matundu matatu tu kwa ubao huo. Angemaliza hayo matatu, aende.

*

Kituo cha basi kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, mbele ya duka la mbegu. Basi moja la Karatina lilikuwa limeshapita. Lilisimama, konda akashuka akawaita, na Kabura akasema limejaa. Wakonyo aliona viti vitupu madirishani, lakini akamwacha konda aende. Mama anajua binti yake anangoja nini.

Kabura alikuwa na matumaini yake, na yalikuwa na msingi. Theuri hawezi kutoboa bila mzungushaji. Alimjua vizuri. Atajaribu, ubao utamteleza, atatukana kidogo kwa sauti ya chini, atakaa juu ya ndoo. Akikaa atafikiri. Akifikiri atatoka nje na panga kwenda kwenye uzio kutafuta miti, na kutoka hapo kituoni ataonekana waziwazi. Kwa hiyo Kabura aliuangalia mlango wa karakana. Jua lilikuwa juu ya vilima bado, limebakiza upana wa kiganja, na vijiti vinne si kazi kwa fundi. Hata viwili vikisimama kabla ya giza, angemwambia mama yake kwamba hivyo vinatosha.

Gurudumu likaanza kulia.

Wakonyo aligeuza kichwa. Sauti ilikuja kwa kukwaruza, meno juu ya meno, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Amepata mtu," Wakonyo alisema. "Ni nani anamzungushia?"

Kabura alikuwa anasikiliza kwa mkono wake wa kulia zaidi kuliko kwa masikio. Watu wawili wakifanya kazi, mzungushaji hukazana mpaka aambiwe aache, naye anayeshika humwambia mapema kwa kuwa anaogopa ubao. Hii ilikuwa ikizunguka polepole, bila haraka na bila hofu. Ilipofika pale pagumu, ambapo keekee inakaribia kutokea upande wa pili, ilipunguza mwendo yenyewe, kama alivyozoea kupunguza yeye. Kisha ikanyamaza. Muda mfupi wa kusogeza ubao, na ikaanza upya.

"Hakuna mtu," alisema.

"Hakuna aje? Si nasikia inazunguka."

"Ni yeye. Anaweza peke yake."

Gari la Mzee Wamae lilipita mbele yao kwenda karakana, na Wamae akawapungia mkono dirishani kwa furaha, akidhani wametoka sokoni. Nyuma yake, mbali kidogo, lilitokea basi la mwisho la Karatina. Konda aliinama mlangoni akauliza kama wanaenda au wanangoja mtu.

"Tunaenda," Kabura alisema, akapanda kabla ya mama yake.